Majumba Tunayajua, Mafundi Je?

Hotuba ya mwashi mmoja mbele ya wakazi na wenye nyumba wa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya alasiri

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, wenye nyumba, na nyinyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja mkaja hapa, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya majumba ya kale ya mji wetu na watu waliokuwa wakifanya kazi humu. Nimekubali kwa furaha, maana mimi ni mwashi, baba yangu alikuwa mwashi, na umri wangu umekwenda nikizipasua kuta hizi na kuziziba. Nililokuja nalo ni jambo moja, na nitalisema mapema ili mwenye dharura asiondoke na nusu yake: tunayajua majumba, hatuwajui mafundi, na kwa kuwa hatuwajui mafundi, majumba yenyewe yanatutoka mikononi.

Chukueni Ngome, hii Fort Jesus yetu. Mtoto yeyote wa shule hapa atakwambia Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Aliyesoma zaidi atakutajia Giovanni Battista Cairati, Mtaliana aliyeichora. Apendaye habari za vita atakusimulia jinsi Waomani walivyoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, na watu ndani wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urathi wa Dunia, nasi tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini Cairati hakubeba jiwe. Kuna mtu aliyelipasua tumbawe lile. Kuna aliyeichoma chokaa. Kuna aliyesimama juani juu ya jukwaa akipanga jiwe juu ya jiwe, akapima kwa jicho na kwa uzi, na ukuta ule umepigwa mizinga na umesimama zaidi ya karne nne. Mtu huyo, katika hadithi tunayowasimulia wageni, hana jina wala mtaa.

Sisi si watu wa kusahau. Mtu wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, awe wa Tisa au wa Thelatha, ukimkalisha barazani atakuhesabia babu zake mmoja baada ya mwingine, atakwambia nani alimuoa nani na mahari yalikuwa nini. Muulize sasa: nyumba aliyokaa babu huyo, ni nani aliyeijenga? Atanyamaza. Nimewauliza wengi, na wengi ni watu wenye kumbukumbu kuliko mimi.

Na wageni waliotutembelea zamani waliziona kazi hizo, wakaziandika. Ibn Battuta alipita kisiwani hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja aliona misikiti ya mbao, akaeleza kwamba imejengwa kwa ustadi. Aliona visima vifupi kwenye milango ya misikiti, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Msafiri aliyezunguka dunia akasimama kuangalia kata ya kutekea maji! Yule aliyeichonga kata ile alikuwa fundi wa mji huu, na kazi yake imeandikwa, yeye hakuandikwa.

Karibu miaka 200 baadaye Mreno Duarte Barbosa akaandika juu ya nyumba ndefu za Mombasa za mawe na chokaa, zilizojipanga vizuri kando ya njia zake, na akasifu useremala wake. Ajabu ni kwamba wenzake, wakiongozwa na Francisco de Almeida, walikuwa wameshautia moto mji huo huo mwaka 1505. Msafara ule ulikuta nyumba za ghorofa tatu zilizopigwa chokaa, vichochoro vyembamba, na baina ya nyumba za mawe kulikuwa na nyumba za miti na makuti. Makuti yakashika, moto ukatembea. Mji ukajengwa tena. Ukavamiwa tena 1528, ukajengwa tena.

Nataka tusimame hapo kidogo. Mji unachomwa, unaporwa, watu wanakimbilia bara, halafu wanarudi na baada ya muda nyumba za ghorofa zinasimama tena palepale. Hilo liliwezekana vipi? Hawakuwa na picha wala ramani. Walichokuwa nacho ni watu wanaojua kuchoma chokaa, kuchagua boriti, kupanga jiwe. Mreno aliweza kuchoma mlango, hakuweza kumchomea seremala elimu yake. Sisi leo tuko kinyume cha watu wale: mawe tunayo, yamesimama, hakuna aliyetuchomea, na wanaojua kuyatunza hawajazi baraza moja.

Hata hadithi zetu za asili zinawapa wajenzi heshima, sikilizeni vizuri. Wazee wanasema Mwana Mkisi ndiye aliyekuwa na mji wa kwanza, Kongowea. Kisha akaja Shehe Mvita, na linalotajwa kwake kwa sifa ni kwamba alijenga msikiti wa kwanza wa mawe kisiwani. Kule Mbaraki uko mnara wa kale wa mawe ambao watu walikuwa wakiupelekea ubani na maji ya waridi, wakiamini una mwenyewe ndani. Siingii katika mjadala wa kufaa au kutofaa, masheikh wako na watasema. Ninachokiona mimi mwashi ni kwamba watu waliutazama ukuta ule, wakaona haiwezekani kuwa ni kazi ya binadamu wa kawaida peke yake. Ilikuwa kazi ya binadamu wa kawaida.

Sasa niruhusuni niwapeleke kwenye chokaa, kwa sababu bila chokaa hakuna la kuzungumza.

Chokaa ya mji huu haikutoka kwenye mfuko. Magogo yalipangwa chini kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati likaachwa tundu la kutilia kuni nyembamba. Juu ya magogo vikarundikwa vipande vya matumbawe. Moto uliwashwa kutoka katikati na ukawaka usiku kucha, watu wamekaa upande unakotoka upepo ili moshi usiwazibe pumzi. Asubuhi lile rundo limegeuka jeupe na jepesi, na likiguswa na maji linafoka na kuchemka. Halitumiwi siku hiyo. Linaachwa linywe umande na mvua, linazimika pole pole, linafunikwa na kungojewa kwa miezi. Marehemu baba yangu, Mola amrehemu, hakuwa na kipimo chochote isipokuwa kidole gumba na cha shahada. Aliichukua chokaa kidogo akaisugua baina ya vidole hivyo viwili. Ikiteleza bila chembe, imeiva. Ikikwaruza, hata kidogo, alisema "irudisheni", na mwenye nyumba akiwa na haraka atafute fundi mwingine.

Chokaa hiyo ilichanganywa na mchanga, ikashika mawe ya timbo katika kuta zenye unene wa nusu mita hivi. Kisha zikaja boriti. Ukiingia nyumba ya kale ukajiuliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, jibu liko mikokoni. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba sakafu ya mawe kwa mbali, kwa hivyo chumba hakina budi kuwa na upana wa mita 2.5, au 3 kwa shida. Mkata boriti wa Lamu au wa Rufiji, aliyesimama kwenye tope hadi magotini akichagua mti ulionyooka, ndiye aliyeamua sebule ya tajiri wa Mombasa iwe na upana gani. Boriti zikaja kwa majahazi, zikauzwa kwa korja, ishirini ishirini. Tajiri alikuwa na uwezo wa kuongeza ghorofa, kuweka zidaka ukutani, kutia nakshi kila mahali. Upana hakuweza kuununua.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu yake chokaa na kokoto, kisha sakafu inapigwa. Inapigwa kwa vibao vya mkono, watu wamejipanga mstari, wakienda mbele na kurudi nyuma pamoja, siku kadhaa mfululizo, mpaka ishikamane na isipitishe maji. Katika pwani hii kazi hiyo ilifanywa kwa nyimbo, na mara nyingi wapigaji walikuwa wanawake. Wimbo ulikuwa kifaa cha kazi sawa na kibao: ukipotea wimbo, mapigo yanapishana, na sakafu inatoka na mawimbi. Ziko sakafu katika mji huu ambazo ukilala chini ukaziangalia kwa ubavu wa jicho, mwanga ukiingia dirishani, unayaona mapigo yale, duara ndogo ndogo zikipandana. Hiyo ndiyo saini ya wale mama.

Na hapa tuseme lile tusilopenda kulisema. Wengi waliobeba mawe hayo na kupiga sakafu hizo hawakulipwa, kwa sababu walikuwa watumwa. Kisheria utumwa katika pwani hii ya Kenya ulikoma mwaka 1907. Hiyo si zamani sana, wapo wazee hapa ambao babu zao waliuona. Watembeza wageni wakifika kwenye mlango wenye nakshi ya mnyororo, huwaambia kwamba mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara ya watumwa. Wengine wanasema mnyororo ni kinga ya kufunga shari nje. Mimi sitegemei nakshi kuniambia. Ukitaka kuwaona watumwa wa mji huu usiangalie mlango, angalia sakafu uliyosimama juu yake na ukuta uliouegemea. Tukiwataja mafundi tuwataje na hao, na wajukuu wao ambao tumo nao humu mitaani waione sehemu yao katika majumba haya kuwa ni sehemu ya mjenzi.

Ng'ambo ya pili, kule Kengeleni, watumwa waliokombolewa walipewa makazi Frere Town mwaka 1875, na miongoni mwa waliotangulia huko walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, Uhindi, wakafundishwa useremala na uhunzi. Kwa hivyo hata ufundi wa upande ule wa maji una historia ya kuvunjwa na kuungwa tena, na ingestahili kikao chake peke yake.

Milango, basi. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya milango.

Wazee husema mlango ulikuwa ukisimamishwa kwanza, ukuta ukaufuata. Ninaamini, kwa sababu katika nyumba nilizozifungua nimekuta mawe ya ukuta yamechongwa yafuate miimo, wala si miimo iliyopunguzwa ifuate mawe. Mlango mzima ni viungo: kizingiti cha chini, kizingiti cha juu, miimo miwili, mbao mbili za kufungua, na katikati yake mfaa uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili wa pili ufunge dhidi yake. Seremala wa kweli hakuvikutanisha viungo hivyo kwa misumari. Alichonga ulimi na tundu, akavikaza kwa vijiti vya mti. Misumari mikubwa ya shaba mnayoiona kwa nje ni pambo. Nakshi zenyewe, maua, majani, mara nyingine aya juu ya kizingiti, alizichora kwa bikari na kalamu ya risasi, kisha patasi ndogo na nyundo ya mti zikafanya kazi kwa majuma.

Uko mlango mmoja karibu na Ndia Kuu ambao niliitwa kuurekebisha ukuta wake. Kwa nje ni laini, jicho linateleza. Nikafungua nikapitisha kiganja upande wa ndani. Upande ule hakuupiga randa. Alama za tezo zimebaki, moja moja, na zote zimelalia upande mmoja kwa namna ambayo mtu wa mkono wa kulia hawezi kuzikata bila kujipinda. Fundi yule alikuwa wa mkono wa kushoto. Zaidi ya hapo hakuna anayejua lolote juu yake, wala mwenye nyumba, wala jirani. Lakini tangu siku ile kila nikipita pale namuona mtu, sioni mti.

Milango yetu mingi ya karne ya 19, na roshani hizi za mbao zilizotokeza juu ya vichochoro, zina mkono wa mafundi kutoka Kutch na Gujarat, Uhindi. Waliletwa na biashara, wakaoa, wakazika hapa. Wabaluchi walikuja kama askari, na msikiti wao wa Makadara ni wa 1875. Mabohora wako hapa na msikiti wao. Msikiti wa Mandhry, ambao mnara wake mweupe mnaujua, unatajwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Umebaki mweupe hadi leo kwa sababu kila kizazi kimepata mtu wa kupanda na ndoo ya chokaa. Mtu wa kwanza akijenga, wa mia moja akapaka, wote ni wajenzi wake.

Kazi za mitaani nitazipitia haraka, ingawa zinanivuta. Hamali na mikokoteni yao, na kabla ya hapo hamali walisukuma vigari vya reli nyembamba vilivyokuwa vikipita mjini humu mwanzoni mwa karne ya 20, abiria wakiwa wamekaa chini ya kitambaa cha kivuli. Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, waliobeba maji na kuuza kahawa. Muuza kahawa na dele yake ya shaba, mkaa chini, vikombe mkononi vikigonganishwa kwa mdundo wake mwenyewe, na wazee barazani wakajua ni yule au ni mwingine kabla hajakata kona. Masonara. Washona makubadhi. Wapishi wa halwa, ambao lazima niwasimamie kidogo: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, na mwiko mrefu usioachwa hata dakika moja, kwa sababu ukipumzika inashika chini na sufuria nzima imeharibika. Nimeona vijana wenye nguvu wakipokezana mwiko ule na jasho likiwatiririka, na aliyekuwa akiwaongoza ni mzee aliyekaa kitini, hagusi kitu, anasikiliza tu sauti ya mwiko.

Na mama zetu wanaoshona kofia za mkono, tobo baada ya tobo, sindano na uzi, kofia moja kwa majuma mengi. Tunazivaa Ijumaa na Idi. Tunajua bei yake. Nani anajua jina la aliyeishona aliyonayo kichwani sasa hivi? Naomba mlipokee swali hilo kwa wema.

Bandari ya Kale ndiyo iliyowalisha wote hao. Kaskazi ilipovuma, majahazi yakaingia kutoka Bara Arabu, Ghuba na Uhindi, na tende, mazulia, masanduku, samaki mkavu. Kusi iliporudi, yakaondoka na boriti. Katikati ya misimu hiyo wakalafati walikuwa na kazi: jahazi linalazwa ufukweni maji yakitoka, pamba iliyolowekwa mafuta inapigwa baina ya mbao kwa patasi butu, pigo dogo dogo, urefu wote wa chombo. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa zikahamia Kilindini, mzigo ukageuza njia. Haukugeuka siku moja. Majahazi yaliendelea kuja kwa miaka mingi. Lakini mwana wa kalafati aliona mshahara uko upande gani wa kisiwa, naye akaenda, na simlaumu. Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982 ilikuwa kwa ajili ya kuihifadhi mikoko, na ilikuwa sawa, lakini mzigo mkubwa wa majahazi yetu ukawa umekwisha.

Sasa saruji. Hapa ndipo maneno yangu yote yanapoelekea, na wenye nyumba naomba masikio yenu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu wa ardhini unapanda ndani yake, unyevu wa bahari unaingia, na jua likitoka unyevu huo unatoka kupitia plasta ya chokaa. Unaingia, unatoka, mwaka baada ya mwaka. Plasta ya chokaa inachoka, inabomoka kidogo kidogo, na hilo ndilo jukumu lake: inajitoa ili jiwe lisiguswe. Unaipaka tena baada ya masika, maisha yanaendelea. Ukija na saruji ukauziba ukuta huo, ni kama umemvalisha mtu koti la mvua la nailoni katika jua la Januari. Unyevu unapanda haupati pa kutokea. Unatafuta njia, na njia inayopatikana ni kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani.

Masika iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Kibokoni. Ilikuwa imepigwa saruji nje na ndani, ikapakwa rangi nzuri ya maziwa, na mwenye nyumba, mtu mwema aliyetumia akiba yake yote, alikuwa na hakika amemaliza tabu. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Chini ulijibu kwa sauti nzito, usawa wa kifua ukajibu kwa sauti tupu. Nikachokonoa. Kipande cha saruji kikatoka kizima, kikubwa kuliko sinia, na kimeng'oa uso wa tumbawe kikaja nao, na nyuma yake chumvi imechanua nyeupe. Tukapanda juu. Boriti kwa chini zilikuwa zimenyooka, zimepakwa vanishi, zinapendeza. Nikaingiza bisibisi mahali boriti inapoingia ukutani. Iliingia hadi mpini. Boriti kumi na moja katika chumba kile, saba zilikuwa hazina kichwa tena. Zilikuwa zimekaa pale kwa mazoea tu. Na chumba hicho watoto walikuwa wakilala.

Mwenye nyumba akaniuliza, fundi aliyenipigia saruji alikuwa mwizi? Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana mchapakazi, ukuta wake ulinyooka vizuri. Alifundishwa kujenga nyumba za matofali ya simiti na hakuna aliyewahi kumwonyesha chokaa iliyoiva. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, ufa walioujua ulikuwa wa chokaa. Ukiuziba ufa huo kwa saruji utajenga ukuta vilevile.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Ipo sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Naziheshimu, na zimeokoa majumba ambayo leo yangekuwa maegesho ya magari. Lakini sheria inamzuia mtu kubomoa. Haimfundishi kijana kuzima chokaa. Inaweza kusema roshani hii isiguswe. Haiwezi kuishika roshani hiyo isianguke ubao wake ukioza na seremala hakuna. Tumeandika orodha ya majumba, namba, picha, vipimo. Orodha ya mafundi sijaiona.

Najua jibu la wengi wenu, na ni jibu la haki: chokaa ni ghali, chokaa inachelewa, wapangaji wanangoja, na fundi wa chokaa akipatikana ana nyumba nne mbele yako. Kweli yote. Ghali yake inatokana na uchache wetu. Mafundi wakiwa ishirini bei itashuka, na watakuwa ishirini iwapo wenye nyumba watakubali kijana mwanafunzi aingie na fundi wake, ashike mwiko, aharibu ukuta wa choo kabla ya kuguswa ukuta wa sebule. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundishwa aliyenifundisha. Na wale wasioweza kumudu plasta mpya, basi angalau msiongeze saruji. Ukuta uliochubuka unaopumua una umri mrefu kuliko uliopambwa uliozibwa.

Kuhusu majina, nina daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, liko pale mezani karibu na birika. Kila mwenye nyumba aandike mtaa wake na jina la fundi yeyote anayekumbukwa: aliyejenga, aliyechonga mlango, aliyepiga sakafu, aliyerekebisha dari enzi za babu. Likiwa ni jina la utani, liandike. Ikiwa unachojua ni kwamba alikuwa Mbajuni wa kutoka Faza, au kwamba alikuwa kiziwi, au kwamba mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile ile, andika hilo. Nyanya zenu wanajua zaidi yenu. Nendeni mkawaulize kabla ya magharibi, msingoje Ramadhani. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika jina la baba yangu na nyumba alizozitia mkono, na chini yake yule wa mkono wa kushoto wa karibu na Ndia Kuu, ambaye kwa sasa ana mstari mtupu mahali pa jina.

Na vijana: nina pipa mbili za chokaa ambazo nimezizima tangu kabla ya vuli, sasa zimeiva. Jumamosi baada ya alfajiri tunaanza kuung'oa ule ukuta wa Kibokoni, mwenye nyumba amekubali. Chokaa inachoma ngozi, kwa hivyo njooni na glavu, miwani ya kukinga macho, kitambaa cha kufunika pua, na nguo za mikono mirefu. Miiko ninayo ya kutosha watu sita. Wa saba na kuendelea watachekecha mchanga.